KALENDA YA VIDOLE: Historia ya Kuchagua Tarehe Bila Kugusa Mausi

Najua mmezoea humu ndani tunaongelea nani kaonekana na nani, nani kafuta picha za nani, na majina yote kapuni. Leo ni historia, ila msikimbie. Ina watu, ina ubishi, na majina mengi nayataja kabisa maana yako kwenye vitabu.

Tuanze na ubuyu mdogo. Kuna dada mmoja anapamba kumbi za harusi hapa mjini, jina kapuni. Mteja kamwambia shughuli ni Jumamosi tarehe 13. Dada kafungua kalenda kwenye simu, kidole kikatua kwenye kiboksi cha juu yake, ikaandikwa tarehe 6. Siku zikaenda. Tarehe 6 kafika ukumbini na maua yake, vitambaa vyake na vijana wake wa kubeba viti, kakuta kichen pati ya watu wengine kabisa. Gari la kukodi kalipa, vijana kalipa, maua yakanyauka.

Sasa angalia kitu hapo. 6 na 13 zote ni Jumamosi, na kwenye kalenda zinakaa moja chini ya nyingine. Hata akirudi kuangalia siku, anaona "Jumamosi" na moyo unatulia. Ukiteleza mstari mmoja tu kwenye kalenda umeteleza wiki nzima. Hiyo mistari ndiyo stori yetu ya leo, kwa sababu kuna watu miaka mingi iliyopita waliitazama wakaona njia bora ya kuchagua tarehe, na mausi haikuhusika.

Kabla mausi haijaingia mtaani

Mausi ilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart tarehe 9 Desemba 1968 kule San Francisco, ila ilichukua miaka mingi kufika kwenye meza za watu wa kawaida. Kwa hiyo miaka ya 1970 mtu wa kompyuta alikuwa na kibodi tu. Unaandika amri, mashine inakujibu.

Kalenda ilikuwepo tangu huko. Mfumo wa Unix, babu wa mifumo mingi tunayotumia leo, mwaka 1971 tayari ulikuwa na amri inaitwa cal. Unaandika cal, unaongeza mwezi na mwaka, inakuchorea mwezi mzima kwa namba tupu. Hakuna rangi, hakuna picha ya ua.

Na cal ina kichekesho chake maarufu. Ukiiambia ikuonyeshe Septemba 1752, baada ya tarehe 2 inaruka moja kwa moja hadi tarehe 14. Siku 11 hazipo! Watu wakiona mara ya kwanza wanadhani kompyuta imerogwa. Ukweli ni kwamba Uingereza na makoloni yake mwaka huo ndiyo walihama kutoka kalenda ya Julius kwenda kalenda ya Papa Gregory, ambayo nchi nyingine za Ulaya zilikuwa zimeshaanza kuitumia tangu 1582. Kuhama huko kulila siku 11. Usiku wa Jumatano tarehe 2 watu walilala, wakaamka Alhamisi tarehe 14.

Nimeitaja kwa sababu moja. Tunaona tarehe kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa kimekamilika, kumbe ni makubaliano ya watu, na kila kalenda kwenye skrini kuna mtu amekaa chini akaamua iwe vile.

Mstari ni wiki

Turudi kwenye stori. Mwaka 1976, kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT kule Marekani, ikazaliwa programu ya kuandikia maandishi inaitwa Emacs. Jina kubwa hapo ni Richard Stallman, ambaye baadaye, mwaka 1985, akaitoa GNU Emacs, ambayo inaendelea kutumika mpaka leo unaposoma hapa. Yani ina umri wa wazazi wetu na bado inapata matoleo mapya.

Emacs unaitembelea kwa herufi. Unashika Control, ukibonyeza F unasogea mbele herufi moja, B unarudi nyuma, N unashuka mstari, P unapanda mstari. Leo utauliza, mishale ya kibodi ilikuwa wapi? Kibodi nyingi za wakati ule hazikuwa na mishale kabisa, au kila moja iliiweka inapojua. Kuna mashine moja maarufu ya 1976, ADM-3A, mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Bill Joy alikuwa anaitumia mashine hiyo kule Berkeley alipotengeneza edita ya vi, ndiyo maana mpaka leo watumiaji wa vi wanatembea kwa H, J, K, L. Na hata 1984, kompyuta ya kwanza ya Macintosh ilitoka na kibodi isiyo na mishale, ili mtu alazimike kushika mausi.

Sasa mwisho wa miaka ya 1980 akatokea profesa wa chuo cha Illinois, Edward Reingold. Akaandika kalenda inayokaa ndani ya Emacs. Ukiifungua inakuja chini ya skrini na miezi mitatu: uliopita, huu na ujao. Na hapa ndipo penye utamu. Reingold aliacha funguo zilezile ambazo watu walizizoea kwenye maandishi. Mbele herufi moja ikawa mbele siku moja. Chini mstari mmoja ikawa mbele wiki moja.

Fikiria kidogo. Kalenda ni ukurasa wa maandishi ambao kila mstari wake ni wiki. Kwa hiyo mtu aliyeshajua kuandika alikuwa tayari anajua kutembea kwenye mwaka mzima, hakuna somo jipya. Kuna funguo za kuruka mwezi na za kuruka mwaka pia. Na ukitaka siku 40 mbele, unaiambia 40 kisha mbele, inatua yenyewe. Kwetu sisi tunaohesabu arobaini ya msiba au arobaini ya mzazi, hiyo siyo kitu kidogo. Unaweza hata kuweka alama kwenye siku moja, ukasogea hadi siku nyingine, ukauliza zipo siku ngapi katikati. Inakujibu, ikihesabu na siku zote mbili za mwanzo na mwisho. Ule ubishi wa "tunaanza kuhesabu leo au kesho" unaisha palepale.

Kama duka la kubadilisha pesa

Reingold hakuishia hapo. Akishirikiana na Nachum Dershowitz, mwaka 1990 wakachapisha makala ya kitaalamu kuhusu mahesabu ya kalenda, na 1997 ikatoka kitabu. Wazo lao ni jepesi ukilielewa. Ukiwa na shilingi na unataka rupia, duka la kubadilisha pesa linapitia kwenye dola. Wao dola yao ni hesabu moja ya siku, inayoanzia tarehe 1 Januari ya mwaka wa 1. Kila kalenda ya dunia wanaigeuza kwenda kwenye hesabu hiyo, halafu kutoka hapo unaenda kalenda yoyote unayotaka.

Kwa hiyo kwenye kalenda ya Emacs ukiwa juu ya siku yoyote, unabonyeza P kisha I, inakwambia siku hiyo ni tarehe ngapi ya Kiislamu. P kisha E, ni tarehe ngapi ya Ethiopia, wale wenye miezi 13. Ipo ya Kiyahudi, ya Kiajemi, ya Kichina, ya Wamaya, hata ile ya Mapinduzi ya Ufaransa ambayo hakuna mtu anaitumia tena.

Watu wa pwani na Visiwani mnajua hapa kuna neno. Programu inahesabu, lakini mwezi unaandama. Idi haitangazwi na kompyuta, inatangazwa na waliouona mwezi, na hata hao kila mwaka huwa hawakubaliani wote. Waliotengeneza Emacs wanajua hilo, na kwenye kitabu chake cha maelekezo wameandika kwamba sikukuu za Kiislamu zinategemea tangazo la viongozi wa dini, hivyo zinaweza kupishana kidogo na mahesabu yao. Hiyo heshima mimi nimeipenda. Apu nyingi kwenye simu zinakuandikia Idi kwa wino mzito kama vile zimepanda kwenye minara zikauona mwezi zenyewe.

Na kuna jambo jingine letu kabisa. Kwa Kiswahili wiki inaanza lini? Hesabu majina: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano ya tano. Halafu Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu wao wanaanza Jumapili. Ndiyo maana kwenye wiki yetu tano zipo mbili, kila moja na hesabu yake. Kalenda nyingi za simu zinakupa Jumapili au Jumatatu kama siku ya kwanza. Hii ya Emacs unaiwekea siku yoyote, hata Jumamosi, na majina ya siku unaweza kuandika yako ya Kiswahili. Wiki ikaanza kwa moja kama bibi alivyokusudia.

Mtu wa nyota na kalenda inayochomoza

Mwaka 2003, kule Amsterdam, kulikuwa na mtaalamu wa nyota wa chuo kikuu anaitwa Carsten Dominik. Alitaka sehemu moja ya kuweka maelezo yake na kazi zake, siyo kuandika huku na kupanga kule. Akatengeneza Org, inayofanya kazi ndani ya Emacs, na mwaka 2007 ikaingizwa rasmi kwenye Emacs 22.

Ndani ya Org, unapoandika kazi yoyote unaweza kuipa tarehe. Unabonyeza funguo zake, kalenda inachomoza, na chini panabaki mstari wa wewe kuandika. Una njia mbili kwa wakati mmoja, na zote ni za kibodi.

Ya kwanza ni kutembea. Unashika Shift na mshale. Kulia ni kesho, kushoto ni jana, chini ni wiki ijayo, juu ni wiki iliyopita. Ukiongeza ufunguo wa Meta, ambao kwenye kompyuta nyingi ni Alt, kulia na kushoto zinaruka mwezi mzima. Ukifika unapotaka, Enter. Kwa nini Shift? Kwa sababu mishale mitupu inatumika kwenye ule mstari unaoandika, hivyo kalenda ikapewa mishale yake ya pembeni. Hakuna anayemwingilia mwenzake.

Ya pili ni kusema unachofikiria. Unaandika +4d, inaelewa siku nne kuanzia leo. +2w, wiki mbili. Sat, kile kifupi cha Kiingereza, inaelewa Jumamosi iliyo karibu. Ukiandika 13 peke yake inaelewa tarehe 13, na kama ya mwezi huu imeshapita inakupeleka mwezi ujao. Na wakati unaandika, kabla hujabonyeza Enter, pembeni inakuonyesha imeelewa nini: mwaka, mwezi, tarehe na jina la siku. Unaona kwanza, ndiyo unakubali.

Mkumbukeni dada yetu wa maua. Mteja hakumwambia "kiboksi cha tatu kutoka juu". Alimwambia Jumamosi tarehe 13. Sisi tunaongea hivyo: keshokutwa, Jumamosi ijayo, baada ya wiki mbili, tukimaliza arobaini. Kalenda ya kugusa inakuchukulia maneno hayo, inakulazimisha uyageuze kuwa mahali kwenye skrini, halafu inaomba kidole chako kisikosee. Ile ya vidole vya kibodi inayapokea maneno yenyewe. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu nimeandika yote haya.

Mashabiki wa kubofya, mpo?

Najua mtasema hayo ni mambo ya kizamani, sasa hivi kila kitu ni kugusa. Sawa. Fungua websaiti yoyote ya kuomba kitu, nenda kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kuna ambazo zinakupa kalenda ya mwezi huu na kamshale kadogo ka kurudi nyuma. Kama una miaka 25 hapo kuna miezi 300. Mara 300 unabofya! Na ukipitiliza unarudi. Kuna binti mmoja, jina kapuni, aliona tabu akaacha mwaka ulipofika 2009, sasa kwenye mfumo fulani yeye ni mtoto wa shule. Mnacheka, ila siku akitaka kuthibitisha jina na umri ndipo atalia.

Sasa ondoa utani, fikiria mtu asiyeona. Mausi kwake haina maana, hakuna kishale anachokiona. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta mzaliwa wa India ambaye haoni, mwaka 1995 alitoa Emacspeak, mfumo unaoifanya Emacs iongee. Kisoma skrini cha kawaida kikipita juu ya kalenda kingesema tu "kumi na tatu". Kumi na tatu ya mwezi gani? Siku gani? Mwenye macho anatupa jicho juu, anaona jina la mwezi na safu ya Jumamosi. Asiyeona hana hilo jicho. Emacspeak ukisogea siku moja inakutajia tarehe nzima: jina la siku, tarehe, mwezi na mwaka. Programu inajua uko siku gani, siyo tu kuna namba gani kwenye skrini.

Ongeza na mwenye maumivu ya mkono, mwenye kutetemeka vidole, mzee ambaye kiboksi cha tarehe ni kidogo kuliko ukucha wake, na kijana wa intaneti kafe ambaye mausi yake imekufa tangu mwaka jana na bosi hanunui nyingine. Hao wote wanahitaji tarehe. Tarehe ya kliniki, ya mtihani, ya kesi, ya kurudisha mkopo. Ukiwa na kesi ya kusikilizwa tarehe 13 ukaenda tarehe 20, hakimu hataki kusikia habari za kiboksi.

Na hili dunia imelikubali. Miongozo ya kimataifa ya websaiti iliyotoka 2008 inataka kila kitu kiweze kufanyika kwa kibodi. Na mfano unaotolewa kwa watengenezaji wa kalenda za websaiti unasemaje? Kulia siku moja, chini wiki moja, ukurasa juu na chini mwezi mmoja. Yani ni ramani ileile ya Reingold, mstari ni wiki, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Haki kwa haki

Siwadanganyi kwamba kila mtu akimbilie Emacs kesho. Ina funguo nyingi, siku za kwanza unajiona kama unapiga kinanda kanisani bila mwalimu. Kwenye simu haina raha, na wengi wetu maisha yetu yako kwenye simu. Na vifupi vya siku ni vya Kiingereza, hakuna aliyekaa akaifundisha "keshokutwa". Hapo kuna kazi ya kijana wa kwetu, anayejua kuandika programu, asiye na la kufanya wikiendi.

Ila faida moja kubwa nawaachia. Tarehe ya Org inaandikwa kwa maandishi ya kawaida: mwaka, mwezi, siku, zote ndani ya mabano. Mwaka unatangulia, kwa hiyo ule mkanganyiko wa 3/4, sisi tunasoma tarehe 3 mwezi wa nne na Mmarekani anasoma tarehe 4 mwezi wa tatu, haupo. Faili uliloandika 2003 unalifungua leo kwa programu yoyote na unalisoma. Apu ngapi za kalenda mmeshahama nazo, na tarehe za watu wenu zikabaki huko huko?

Kwa hiyo mdau, safari nyingine kalenda ikikuchomozea, kabla ya kidole hakijatua, jaribu mishale. Ikikubali, jua kuna mtu alimfikiria mwenzake. Ikikataa, hapo hapo chini kwenye maoni dondosha ilikuwa fomu ya nini (jina la ofisi kapuni, tusije kuitwa), na utuambie ilikugharimu nini. Wa arobaini, wa harusi, wa mtihani, wote nawasubiri. Na dada wa maua kama unasoma: pole mama, ila Jumamosi zipo nyingi, soma na namba.